Kengele ya Shule Hulia Mara Moja Kisha Hunyamaza: Kuongoza Vyombo vya Sauti na Picha kwa Amri za Maandishi

SWALI

"Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa kompyuta katika shule ya sekondari wilayani Chamwino, mkoani Dodoma. Kijana aliyesoma kwetu zamani alituandikia, kwa lugha ya programu ya Visual Basic 6, programu inayopiga kengele za vipindi, wimbo wa taifa tunapokuwa mstarini asubuhi, na matangazo yaliyorekodiwa, kupitia amplifaya na spika za honi zilizo uwanjani. Mwaka huu tulipata kompyuta mpya yenye Windows 11, nikaihamishia programu hiyo kwenye Visual Basic ya sasa. Tangu hapo kengele ya kwanza ya siku hulia vizuri, lakini zinazofuata hazitoi sauti mpaka niifunge programu na kuifungua tena. Faili zilizomo kwenye folda ya 'Sauti za Shule' hazichezi kabisa. Wimbo wa taifa ukipigwa, dirisha lote la programu huganda, na nilipouhamishia kwenye uzi mwingine (thread, yaani mkondo wa pili wa kazi ndani ya programu ile ile), kitufe cha kusimamisha kikaacha kufanya kazi. Fundi mmoja wa mjini ameniambia kwamba amri za maandishi kama 'open' na 'play' zimekwisha kuondolewa kwenye Windows. Mwingine ameshauri tununue kadi mpya ya sauti. Je, ninunue kadi, niandike programu upya, au kuna njia nyingine? Na je, amri hizi zinaweza kuwasha na kuzima projekta ya ukumbini?"

JIBU

Mwalimu, nimeusoma ujumbe wako kwa makini, na jambo la kwanza ninalotaka ulisikie kabla fedha ya shule haijatoka ni hili: usinunue kadi ya sauti. Kadi iliyoweza kupiga kengele ya kwanza ya siku haina sababu ya kushindwa na ya pili. Dalili zote ulizozieleza zinatoka ndani ya programu, kila moja ina chanzo chake, na zote zimefichwa na kasoro moja iliyo kubwa kuliko nyingine, nayo ni kwamba programu yako inatuma amri bila kusoma majibu yake.

Nianze na dai la fundi wako, kwa sababu ndilo linalokutia wasiwasi wa kuandika kila kitu upya. Amri unazotumia ni za mfumo uitwao Media Control Interface, kwa kifupi MCI. Mfumo huu ulibuniwa na Microsoft pamoja na IBM, ukatoka mwaka 1991 pamoja na nyongeza za sauti na picha za Windows 3.0, zama ambazo kompyuta ilitarajiwa kuongoza santuri za CD, mashine za kanda za video na vicheza diski vya video. Nia yake ilikuwa mwandishi wa programu aweze kutumia maneno yale yale machache kwa chombo chochote kile: kufungua, kucheza, kusitisha, kusimamisha, kufunga. Vingi kati ya vyombo hivyo vimetoweka madukani, lakini sehemu inayozipokea amri, iliyomo kwenye faili ya winmm.dll, ipo hadi leo ndani ya Windows 10 na Windows 11. Fundi wako ana chembe ya ukweli, kwa kuwa nyaraka za Microsoft zinaihesabu MCI kuwa teknolojia ya zamani na zinashauri programu mpya zitumie MediaPlayer, sehemu mpya zaidi ya Windows ya kuchezea sauti na picha. Hata hivyo, huo ni ushauri kwa anayeanza kazi mpya, na kengele yako ya kwanza ya asubuhi ni ushahidi wa kutosha kwamba amri zenyewe bado zinapokelewa.

Sasa tutazame kinachotokea programu yako inapotuma amri. Inafanya hivyo kupitia kazi iitwayo mciSendString (function, yaani kipande cha programu kilicho tayari ndani ya winmm.dll ambacho programu yako hukiita kwa jina), nayo hupokea vitu vinne: maandishi ya amri, nafasi ya kuwekea jibu, urefu wa nafasi hiyo, na dirisha la kuarifiwa kazi inapokwisha. MCI huyasoma maandishi hayo neno kwa neno. Neno la kwanza ni kitendo, la pili ni chombo au faili, na yanayofuata ni masharti. Ikishayaelewa hukikabidhi shughuli kiendeshi kinachohusika (driver, yaani programu ndogo inayokiongoza chombo): faili za WAV hushughulikiwa na kiendeshi cha "waveaudio", na faili za MP3 kwa kawaida hushughulikiwa na kile cha "mpegvideo", ambacho licha ya jina lake hucheza hata sauti isiyo na picha. Kisha mciSendString hurudisha namba. Namba hiyo ikiwa sifuri, amri imekubaliwa. Ikiwa nyingine yoyote, amri imekataliwa, na namba yenyewe inasema sababu. Kuna kazi nyingine iitwayo mciGetErrorString inayoigeuza namba hiyo kuwa sentensi inayosomeka.

Watu wengi wanaojifunza mfumo huu huichukulia mciSendString kama kitufe cha kubonyeza na kuondoka, na ndivyo hata vitabu vingi vya Visual Basic vilivyoionyesha, kwa mstari mmoja tu usiopokea chochote. Matokeo yake ni kwamba amri ikikataliwa hakuna tangazo lolote kwenye kioo na programu haianguki. Kinachobaki ni ukimya, na ukimya humfanya mtu ashuku kila kitu, kuanzia kadi ya sauti hadi umeme.

Kabla ya kurekebisha lolote, angalia jinsi ulivyoitangaza kazi hiyo juu ya programu yako, yaani mstari wa "Declare" unaoijulisha programu jinsi ya kuiita, kwa sababu hapo ndipo wengi wanaohama kutoka Visual Basic 6 hujikwaa. Katika Visual Basic 6, aina ya "Long" ilikuwa na biti 32. Katika Visual Basic ya sasa, "Long" ina biti 64, na yenye biti 32 ni "Integer". Ukiunakili mstari wa zamani bila kuubadilisha, unaiambia kompyuta isome namba ndefu kuliko ile inayorudishwa, na kosa unalosoma huweza kuwa namba isiyo na maana yoyote. Mistari sahihi ya "Declare", pamoja na kazi ndogo ya kutuma amri na kuandika makosa, yaweza kuwa hivi:

Private Declare Unicode Function mciSendStringW Lib "winmm.dll" (ByVal amri As String, ByVal jibu As System.Text.StringBuilder, ByVal urefu As Integer, ByVal dirisha As IntPtr) As Integer

Private Declare Unicode Function mciGetErrorStringW Lib "winmm.dll" (ByVal kosa As Integer, ByVal maelezo As System.Text.StringBuilder, ByVal urefu As Integer) As Boolean

Private Function Tuma(ByVal amri As String) As String
    Dim jibu As New System.Text.StringBuilder(256)
    Dim kosa As Integer = mciSendStringW(amri, jibu, jibu.Capacity, Me.Handle)
    If kosa <> 0 Then
        Dim maelezo As New System.Text.StringBuilder(256)
        mciGetErrorStringW(kosa, maelezo, maelezo.Capacity)
        AndikaKumbukumbu(amri & " | " & kosa & " | " & maelezo.ToString())
    End If
    Return jibu.ToString()
End Function

AndikaKumbukumbu ni kazi utakayoiandika mwenyewe, ya kuongeza mstari mmoja kwenye faili ya maandishi pamoja na tarehe na saa. Nakusihi usiiruke hata kama unaona unaharakisha. Mwalimu wa zamu akikuambia kuwa kengele ya saa nane mchana haikulia, utafungua faili hiyo, utafute 14:00, na utaona amri iliyotumwa na sababu ya kukataliwa kwake. Na kwa kuwa nimetaja saa, ratiba yenyewe nayo ihifadhiwe kwa saa za kompyuta, huku fomu ya kujazia ikiongeza saa sita yenyewe, ili mwalimu wa zamu aandike saa mbili asubuhi kama anavyoitamka na programu ielewe 08:00.

Ukishafanya hivyo, tatizo la kengele ya pili litajieleza lenyewe kwenye kumbukumbu. Ninaamini utakuta kosa namba 289, maana yake ni kwamba lakabu unayoiomba inatumika tayari. Programu yako asubuhi inatuma amri ya "open" yenye "alias kengele", yaani inaifungua faili na kuipa lakabu ya kengele, kisha inatuma "play kengele". Sauti inatoka. Kipindi cha pili kikifika, inatuma tena "open" kwa lakabu ile ile, nayo inakataliwa kwa sababu kengele ya asubuhi haikufungwa kamwe. Baada ya hapo inatuma "play kengele", na amri hiyo inakubaliwa, kwa sababu chombo kipo na kimefunguliwa. Kwa nini basi hakuna sauti? Kwa sababu "play" isiyotajiwa mahali pa kuanzia huendelea kutoka pale chombo kilipoishia, na chombo chako kimeishia mwisho wa faili, kama kaseti iliyofika mwisho wa upande wake na haijarudishwa nyuma. Kinacheza kilichobaki, na kilichobaki ni hakuna.

Tiba ni kuandika "play kengele from 0". Maneno mawili tu. Mbali na hayo, amua mapema kama faili utaifungua mara moja programu inapoanza, au utaifungua na kuifunga kila mara. Kwa kengele, ambazo ni fupi, chache, na zinatakiwa zilie dakika ile ile, mimi ningezifungua zote asubuhi na kuziacha wazi. Kwa matangazo yanayobadilika kila siku, ningefungua, ningecheza, kisha ningetuma "close tangazo" yanapokwisha, kwa sababu faili iliyo wazi huweza kushikiliwa na Windows, na mtu akijaribu kuweka tangazo jipya juu yake atakataliwa. Programu inapofungwa, tuma "close all" ili kila kitu kiachiwe.

Tatizo la folda ni dogo zaidi. Nimesema MCI husoma neno kwa neno, na mipaka ya maneno ni nafasi. Ukiiandikia open C:\Sauti za Shule\kengele.wav, inadhani faili inaitwa C:\Sauti, kisha inakutana na "za", ambalo si sharti inalolifahamu. Kutegemea inakwama wapi, itakupa kosa namba 259, yaani neno halitambuliwi, au namba 275, yaani faili haikupatikana. Njia ya faili iwekwe ndani ya alama za kunukuu, na ndani ya maandishi ya Visual Basic alama hiyo huandikwa mara mbili:

Tuma("open ""C:\Sauti za Shule\kengele.wav"" type waveaudio alias kengele")

Ona pia kuwa nimetaja aina ya chombo waziwazi. Usipoitaja, MCI hukisia kwa kuangalia herufi za mwisho za jina la faili katika orodha iliyohifadhiwa na Windows, na orodha hiyo huweza kubadilishwa au kukosa aina fulani. Taja "waveaudio" kwa WAV na "mpegvideo" kwa MP3, nawe utaondokana na mashaka hayo. Mimi binafsi ningezihamishia sauti zote kwenye folda yenye njia fupi, mathalani C:\Kengele, kwa sababu mfumo huu ulitungwa enzi za majina mafupi ya faili na njia ndefu sana huukwamisha.

Suala la kuganda linahitaji subira kidogo kulielewa, na ndilo lenye mafunzo mengi kwa wanafunzi wako. Bila shaka amri ya wimbo wa taifa imeandikwa "play wimbo wait". Sharti la "wait" linaiambia kazi isirudi mpaka uchezaji ukamilike. Lakini uzi uliotuma amri hiyo ndio ule ule unaochora dirisha, unaosikiliza vitufe na unaoendesha kipima muda cha ratiba. Kwa muda wote wa wimbo, uzi huo umesimama mlangoni ukisubiri. Hata kengele iliyopangwa kulia wakati huo haitalia kwa wakati wake.

Ulipouhamishia wimbo kwenye uzi mwingine ulifikiri vizuri, na katika kazi nyingine ingekuwa dawa. Kwa MCI haikusaidia, kwa sababu chombo hufungwa kwa uzi uliokifungua. Lakabu ya "wimbo" iliyofunguliwa katika uzi wa pili haijulikani katika uzi wa kwanza, na kitufe chako cha kusimamisha kipo katika uzi wa kwanza. Kinapotuma "stop wimbo", kinajibiwa kosa namba 263, kwamba hakuna chombo kilichofunguliwa chenye jina hilo. Ungelisoma jibu hilo usingehangaika. Kanuni ya kushika ni kwamba amri zote za chombo kimoja, kuanzia "open" hadi "close", zitoke katika uzi mmoja.

Kwa hiyo, rudisha kila kitu kwenye uzi mkuu na uondoe "wait". Ukituma "play wimbo from 0" bila sharti hilo, kazi hurudi papo hapo na muziki huendelea kucheza huku dirisha likiwa huru. Linabaki swali la jinsi ya kujua wimbo umekwisha ili uweze kuufunga au kuanza tangazo. Njia mbili zipo. Ya kwanza ni kuuliza: kipima muda chako, kila baada ya nusu sekunde, kitume "status wimbo mode" na kusoma jibu, ambalo litakuwa "playing" kinapocheza, "paused" kinaposhikiliwa na "stopped" kinapokwisha. Ya pili ni kuarifiwa: unatuma "play wimbo from 0 notify", na uchezaji ukikoma Windows huliletea dirisha lako ujumbe namba 953, wenye thamani ya 1 ikiwa umefika mwisho salama, 2 ikiwa umepitwa na ombi jingine la kuarifiwa, 4 ikiwa umekatizwa, na 8 ikiwa kumetokea hitilafu. Njia ya kuarifiwa ni nadhifu zaidi, lakini inakudai uingilie WndProc, yaani sehemu ya dirisha inayopokea ujumbe wa Windows, na utofautishe thamani hizo nne. Kwa programu ya shule itakayorithiwa na mwalimu mwingine baada yako, ningechagua kuuliza, kwa sababu ni rahisi kuisoma na kuikagua.

Amri hiyo ya "status" ina faida nyingine ambayo ningependa uizoee, nayo ni kutenganisha kosa la programu na kosa la vifaa. Siku sauti isiposikika uwanjani, tuma "status kengele position" mara mbili, kwa kupishana sekunde moja, wakati kengele inatakiwa iwe inalia. Ikiwa namba haisogei, tatizo limo ndani ya programu au faili. Ikiwa namba inasogea, basi kompyuta inacheza kweli na sauti inapotelea mbele yake. Hapo kwanza tazama Windows inaipeleka sauti wapi. Ukichomeka kebo ya HDMI ya projekta, mara nyingi Windows huhamishia sauti kwenye projekta bila kukuuliza, na amplifaya yako hubaki haipokei kitu. Irudishe kwenye tundu la spika, kisha funga na ufungue upya faili zako ili viendeshi vichukue njia mpya. Baada ya hapo kagua kebo na tundu lake. Kwa vumbi letu la Dodoma, hasa miezi ya kiangazi, tundu la sauti lililoachwa wazi hujaa uchafu na kuanza kukatakata.

Sasa uamuzi wenyewe, yaani kubaki au kuandika upya. Kwa kengele, wimbo na matangazo, ningebaki na MCI kwa sasa, nifanye marekebisho niliyoyaeleza, na niiache programu ifanye kazi. Haihitaji intaneti wala kusakinisha kitu cha ziada, na inahitaji kompyuta ya kawaida tu. Udhaifu wake nao ni wa kweli. Sauti zikiwa za WAV huwezi kuipandisha au kuishusha sauti ya faili moja peke yake. Amri ya "setaudio kengele volume to 500", inayokwenda kuanzia 0 hadi 1000, hufanya kazi kwa "mpegvideo" lakini si kwa "waveaudio". Kurekodi kunawezekana kwa "open new type waveaudio alias rekodi", ila usipotaja viwango vya ubora hupata sauti hafifu. Na kwa kuwa Microsoft imeshasema teknolojia hii ni ya zamani, usitegemee maboresho yoyote.

Kama ungekuwa unaanza leo kwenye Windows, ningekuelekeza kwenye MediaPlayer, ambayo hutumia vitu na matukio badala ya maandishi. Na kama siku moja shule itataka kompyuta ndogo isiyo na kioo, mathalani Raspberry Pi, iwekwe karibu na amplifaya na kuongozwa kutoka ofisini, kuna programu huria iitwayo Music Player Daemon inayopokea amri za maandishi kupitia mtandao, kwa kawaida kwenye lango (port) namba 6600. Unaunganisha, unatuma "play" au "status", nayo hukujibu kwa mistari inayoishia na "OK" amri ikikubaliwa, au mstari unaoanza na "ACK" ikikataliwa. Utakayoyazoea sasa, ya kutuma na kusoma jibu, utayahamishia huko bila kupoteza chochote.

Kuhusu projekta, MCI haiwezi kuiwasha. Kwa MCI projekta ni kioo kingine tu kilichounganishwa. Lakini projekta nyingi zenye tundu la mtandao hufuata utaratibu uitwao PJLink, unaotumia amri fupi za maandishi kupitia lango namba 4352. Programu yako huunganisha, projekta hutuma salamu ya "PJLINK 0" ikiwa haina nywila, kisha wewe unatuma "%1POWR 1" na alama ya mwisho wa mstari ili kuiwasha, au "%1POWR 0" ili kuizima. Ikikubali hujibu "%1POWR=OK". Ukituma "%1POWR ?" hukujibu 0 ikiwa imezimwa, 1 ikiwa imewaka, 2 ikiwa inapoa na 3 ikiwa inapasha moto taa yake. Hiyo 2 ndiyo ya kuiheshimu: usikate umeme wa projekta yenye taa kabla haijamaliza kupoa, maana ndivyo taa zinavyoharibika mapema. Salamu ikiwa "PJLINK 1", kuna nywila, na hapo kuna hatua ya ziada ya kuichanganya na namba inayotumwa na projekta kwa njia ya MD5, yaani hesabu inayogeuza maandishi kuwa mfuatano maalumu wa herufi na namba. Tazama kitabu cha maelekezo cha projekta yenu kama neno PJLink limo. Ikiwa ni ya zamani na ina tundu la RS-232 tu (tundu la kizamani la kebo ya data), nayo hupokea amri, ila kila mtengenezaji ana zake, na ni hicho kitabu kitakachokuambia zipi.

Yapo mambo ambayo kumbukumbu ya makosa haitayagundua na ambayo hupaswi kuyashughulikia mwenyewe. Amplifaya ikitoa mngurumo usiokwisha hata kompyuta ikiwa imezimwa, ikipata moto kupita kiasi, ikitoa harufu ya kuungua, au mtu akihisi umeme anapogusa bodi yake, chomoa kwenye umeme na uite fundi umeme mwenye leseni akague pia waya wa ardhi wa jengo. Vivyo hivyo kwa spika za honi zilizofungwa juu ya nguzo: waya mrefu uliotandazwa hewani ni hatari wakati wa radi, na usipandwe wala kuguswa mvua inapokaribia. Ikiwa "position" inasogea, Windows inapeleka sauti mahali sahihi, na kebo nyingine nzima haikuleta mabadiliko, kipeleke kifaa kwa fundi wa sauti na umwambie yote matatu uliyokwisha kuyathibitisha, ili asianze kukubadilishia kadi.

Kwa marekebisho ya programu, anza na mistari ya "Declare" na faili ya kumbukumbu, kisha "from 0", kisha alama za kunukuu, na "wait" uiondoe mwisho, ukijaribu kila hatua peke yake siku ambayo wanafunzi hawapo madarasani. Ikibaki dalili yoyote, nitumie mistari ya kumbukumbu kuanzia "open" ya kwanza ya siku hiyo hadi amri iliyokataliwa, bila kuruka hata mmoja, kwa sababu mara nyingi amri inayokataliwa ni mhanga wa ile iliyotangulia.